Waliojenga Mnara Wakabaki Nje

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Fungu letu wiki hii ni Hesabu 35:9-15, miji ya makimbilio. Ila nitawapitisha kwanza Hamburg, Ujerumani.

Mwaka 1940, baada ya ndege za Uingereza kuipiga Berlin kwa mabomu, Hitler aliamuru ijengwe minara ya zege ya kutungulia ndege. Ilijengwa Berlin, Hamburg na Vienna. Juu ilikaa mizinga. Chini yake, ghorofa kwa ghorofa, walijificha raia. Mmoja wa Hamburg, ule wa Heiligengeistfeld, ulijengwa ukiwa na kimo cha karibu mita 38, na unene wa kuta zake unazidi urefu wa mtu. Ulikusudiwa watu 18,000. King'ora kikilia, akina mama walikuja mbio, mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine kisanduku cha nguo na vyeti.

Julai 1943 Waingereza na Wamarekani waliishambulia Hamburg usiku na mchana. Operesheni hiyo Waingereza waliipa jina Gomora. Naam, ile ya Mwanzo 19, mji ulioteketezwa kwa moto. Sura ya 18, Ibrahimu anapowaombea wenye haki waliomo mjini, ni kama waliiruka. Usiku wa kuamkia tarehe 28 moto uliungana ukawa tufani. Wengi waliojificha kwenye vyumba vya chini ya nyumba zao walikufa kwa joto na hewa ya sumu, bila kuguswa na bomu. Mashambulizi yale yaliua watu zaidi ya 30,000.

Mnara haukuanguka. Upo hadi leo, una hoteli, na juu yake wamepanda bustani. Kwa hiyo sitasema, kama tulivyozoea mimbarani, kwamba ngome za wanadamu hazifai kitu. Hii ilifaa. Ule wa Berlin wa karibu na bustani ya wanyama, Waingereza waliutia baruti mwaka 1947 ukagoma. Wakaubomoa mwaka uliofuata.

Tatizo lilikuwa mlangoni. Wengi waliochanganya zege lile walikuwa wafanyakazi wa kulazimishwa, waliochukuliwa makwao katika nchi zilizotekwa. Ndege zikija, Wapolandi na Warusi hawakuruhusiwa kujificha pamoja na Wajerumani. Waliambulia mahandaki ya udongo, au hawakupata kitu. Wayahudi nao walitengwa.

Sasa someni mstari wa 15. Mungu anataja wenye haki ya kukimbilia miji ile: Waisraeli, mgeni, na anayekaa kati yao kwa muda. Mstari mmoja, wote watatu. Na anayekimbia si lazima awe mtu safi. Ameua bila kukusudia, na mlipiza kisasi yuko nyuma yake. Juu ya unene wa kuta hakuna neno hapa. Lakini katika Kumbukumbu la Torati 19:3 linatolewa agizo la kutengeneza njia, ili anayekimbia afike. Waebrania 6:18 inatuhesabu nasi katika kundi hilo, watu waliokimbilia.

Hapa usharikani tumechangishana tukajenga ukuta na geti. Ni vyema, wezi wapo. Lakini mlinzi anayetufungulia geti hilo kila Jumapili hukaa nje ibada nzima, na mvua ikinyesha anajibanza chini ya mwembe. Wazee wa kanisa, naomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya kikao cha Jumatano, kabla ya hesabu za rangi ya ukuta.