Kingamwili tele, mbwa hoi

Asubuhi moja nilikuta matone ya damu kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye bakuli la maji la Chui, German shepherd wangu wa miaka minne. Damu ilimtoka tundu moja la pua, wala hakuwa na jeraha popote. Daktari wa mifugo alimfunua mdomo, akanionyesha vidoa vyekundu kwenye fizi, vidogo kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano. Ugonjwa ni erlikia, uletwao na kupe wa kahawia, na zamani uliwahi kuitwa ugonjwa wa Nairobi wa kutokwa damu; sisi wakazi wa mji huu tumepewa sifa tusiyoiomba.

Majibu ya maabara yalionyesha kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea, nyingi mno, nami kwa ujinga wangu nikafurahi. Kumbe bakteria huyo, Ehrlichia canis, hujificha ndani ya seli nyeupe zilezile zenye kazi ya kumeza vimelea, na kingamwili zinazoelea kwenye damu hazimfikii humo. Wa kumwandama ni seli T, seli nyingine za kinga, ambazo hutoa interferoni gama, kemikali ya kuashiria hatari, ili seli iliyovamiwa ipate nguvu ya kumuua mgeni wake. Katika majaribio ya kuwalinganisha na mbwa aina ya beagle, mwitikio huu wa seli ulikuwa dhaifu zaidi kwa German shepherd, jambo linalosaidia kueleza kwa nini mbwa wengi wa jeshi la Marekani waliangamia kwa ugonjwa huu katika vita vya Vietnam.

Ubaya ni kwamba kingamwili hizo hazikai bure. Baadhi hunasa kwenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na wengu ukaziharibu kana kwamba ni adui. Nyingine huungana na mabaki ya bakteria na kwenda kuziumiza figo.

Chui alimeza doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, kwa siku 28. Pua ilikauka mapema, lakini daktari alikataa kupima tena kingamwili, kwa kuwa hubaki juu kwa miezi mingi hata bakteria akishatoweka. Alihesabu chembe sahani. Tena alinionya kwamba mbwa aliyepona huweza kuambukizwa upya, basi nikarudi nyumbani na tochi, na katika ufa wa ukuta nyuma ya kibanda chake nikawakuta kupe, wembamba kama mbegu za tikiti, wakingoja.