Kiwanja cha Kibaha hakiuzwi

Barua ya kukubaliwa kusoma masta Uingereza imekaa kwenye begi langu wiki ya tatu sasa. Mwaka mmoja tu, lakini ada yote juu yangu. Na viza wanataka pesa ya kujikimu ikae benki siku 28 mfululizo. Mama akasema, "Mwanangu, tuuze kile kiwanja cha Kibaha." Usiku ule sikulala.

Kumbe kaka mmoja niliyesoma naye baiolojia yuko Marekani, anasomea PhD, yaani udaktari wa falsafa, akiwa na digrii ya kwanza tu! Mimi nilijua masta ni lazima, kama hapa kwetu. Kule programu nyingi za sayansi zinakulipia ada na posho, unafundisha na kufanya utafiti. Ila ni miaka mitano au zaidi, na ushindani wake si mchezo. GPA yangu ni 3.7 kati ya 5, ya kuchechemea, nakubali.

Maombi mengi ya kule Marekani hufungwa Desemba. Masta nimewaandikia siendi. Jana nikamwomba mwalimu aliyenisimamia utafiti barua ya kunipendekeza, ujumbe mrefu wa kujieleza mpaka aibu. Akajibu neno moja: "Lini?"