Epafrodito Aliumwa Ugenini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii naomba tukae na mtu ambaye hahubiriwi sana. Tunaipenda sura ya pili ya Wafilipi kwa sababu ya ule wimbo wa unyenyekevu wa Kristo, lakini tukifika mstari wa 25 tunapita haraka, kana kwamba yaliyobaki ni salamu na habari za safari. Hapo ndipo alipo Epafrodito.

Kanisa la Filipi lilimtuma apeleke msaada kwa Paulo kifungoni na kumhudumia kwa niaba yao. Alifika salama, akakabidhi alichopewa, akaanza kazi, kisha akaugua. Paulo hafichi hali ilivyokuwa: “alikuwa mgonjwa kiasi cha kufa.” Habari hizo zilifika Filipi, naye akapata kujua kwamba zimefika. Hilo ndilo lililomhuzunisha zaidi. Alikuwa na hamu kubwa ya kuwaona watu wa kwao, na sasa walikuwa na wasiwasi juu yake, huku yeye hana namna ya kuwatuliza.

Aliyewahi kuumwa akiwa mbali katika utumishi anamwelewa mtu huyu bila kuelezwa. Simu inaita, ni mama. Unajiinua kitandani, unakohoa kidogo ili sauti ikae sawa, unamwambia, “Sijambo mama, ni mafua tu.” Ukishakata simu, machozi yanakuja yenyewe. Homa ina dawa zake. Ile hamu ya kusikia mtu akikuita kwa jina la nyumbani haina kidonge.

Nimesikia wengine wakifundisha kwamba aliyeitwa kweli hakumbuki nyumbani, na kwamba mtumishi anayeugua achunguze imani yake. Kwa moyo wote nasema mafundisho hayo hayatoki katika nyaraka za Paulo. Hakuna neno hata moja la kumkemea Epafrodito. Anamwita ndugu, mtenda kazi pamoja naye, askari mwenzake. Tena Paulo huyuhuyu, ambaye Matendo 19 inasema leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wa Efeso wakapona, anaandika katika 2 Timotheo kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Hakueleza sababu wala hakutafuta wa kumlaumu. Katika waraka huohuo anamsihi Timotheo aje upesi, kabla ya majira ya baridi, amletee joho lililobaki Troa kwa Karpo, na vitabu pia. Mtume mzee, amefungwa, anasikia baridi, anamtaka rafiki yake. Roho Mtakatifu aliona vema tuyasome hayo.

Basi kukua kiroho kunatokea wapi katika hali kama hiyo? Kwangu kulitokea mahali nisipopatarajia.

Nilikuwa katika nchi ambayo lugha yake nilikuwa bado najifunza, nimekwenda kufundisha Neno. Homa ilipozidi sikuweza kusoma hata mistari miwili, macho yalikuwa yanauma. Kuomba nako kulinishinda. Nilikuwa nikianza sentensi, usingizi unanichukua katikati. Mama mmoja wa kanisa lile alikuwa anakuja jioni akitoka kazini. Alikuwa anavua mashuka yaliyolowa jasho, anatandika mengine, yale anakwenda kuyafua na kuyaanika. Kisha anapiga magoti kando ya kitanda na kuniombea kwa lugha yake. Maneno niliyoyashika yalikuwa machache: jina langu, na neno wanalotumia kumwita Mungu Baba. Aliyarudia hayo mawili mara nyingi. Sikuwa na cha kumpa, si somo, si ushauri, hata asante yangu ilikuwa na makosa ya lugha. Kabla ya ugonjwa ule alikuwa ananiita mwalimu. Nilipopona alikuwa ananiita mwanangu, na tangu hapo alianza kuniuliza maswali ya moyo wake ambayo mwalimu hakuwahi kuulizwa.

Baadaye nilipoisoma Wagalatia 4 niliiona upya. Paulo anawakumbusha kwamba mara ya kwanza aliwahubiri kwa sababu ya udhaifu wa mwili wake. Wao hawakumdharau, walimpokea kama malaika wa Mungu. Walimpokea mgonjwa kwanza, na Injili ikaja naye. Sisi tunaotumwa tumezoea kuwa wenye kutoa, na mtu anaweza kutoa miaka mingi bila kuwahi kuwahitaji wale anaowahudumia. Kitandani hilo haliwezekani tena. Neno ambalo Paulo aliambiwa baada ya kuomba mara tatu mwiba wa mwilini, yaani udhaifu uliomtesa, umtoke, “Neema yangu yakutosha,” huwa tunalihubiri tukiwa tumesimama. Ukiwa hoi, neema hiyo mara nyingi inakuja kwa mikono ya mtu fulani. (Na tafadhali, ukiugua nenda hospitali mapema. Timotheo alishauriwa atunze tumbo lake, hakuambiwa avumilie tu.)

Liko jambo jingine ambalo makanisa yetu yanahitaji kulisikia. Epafrodito alirudishwa nyumbani. Paulo ndiye aliyemrudisha, na aliandika kabisa: mpokeeni kwa furaha yote, na watu kama huyu muwaheshimu. Alijua minong'ono inaweza kuwepo, kwamba huyu tumemtuma na ameshindwa. Kwetu Afrika Mashariki tunaye Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo alimzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga, yeye mwenyewe akiwa na homa. Alikuwa tayari ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na hakuacha kazi ya lugha. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kurudi Ulaya, lakini kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kurudi kwake hakukuikatisha huduma.

Wiki hii tusome Wafilipi 2:25–30 na 2 Timotheo 4:9–21. Kama una ndugu anayetumika mbali, mpigie, na akisema ni mafua tu, muulize mara ya pili, taratibu. Kama yupo aliyerudi kwa ajili ya afya na sasa anakaa viti vya nyuma kanisani, mkaribishe nyumbani kwako kabla ya Jumapili ijayo. Na kama wewe ndiye unayeyasoma haya ukiwa kitandani katika nchi ya watu, mwambie mtu mmoja wa nyumbani ukweli wa hali yako leo, ili wajue namna ya kukuombea. Na aliye jirani yako akija kugonga mlango, mfungulie.