Nilivyojifunza kupika ukwaju wa Halab jikoni Brooklyn

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Bibi niliyekuwa nikimtunza Brooklyn, mitaa ya karibu na Ocean Parkway, alizaliwa Halab, mji wa Syria ambao Wazungu huuita Aleppo, katika jamii ya Wayahudi walioishi pale karne nyingi. Wajukuu wake wanamwita Sitto, nami nikamwita hivyo hivyo. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, binti zake waliniomba nipike naye na niandike kila anachofanya, kwa sababu hakuwahi kuandika pishi hata moja.

Tulianza na ukwaju, maana ndio roho ya mapishi yao. Pale ambapo Wasyria wengine mara nyingi hutia asali ya komamanga, Wayahudi wa Halab hutia ukwaju. Ulikuwa ukifika mjini kwao kwa misafara ya biashara kutoka upande wa India. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, biashara ya misafara ilidorora. Watu wakaanza kutawanyika, wengine Misri, wengine Manchester, wengine Buenos Aires na New York, na mapishi yao wakayabeba. Wengi zaidi waliondoka baada ya fujo za 1947, masinagogi yalipochomwa moto.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ukwaju nimeukuta nyumbani, wa juisi na wa viazi karai. Huu wa Sitto ni mwingine. Kilo moja unailoweka usiku kucha kwenye maji ya lita tatu hivi. Asubuhi unaukamua kwa mikono mpaka kokwa zibaki tupu, unachuja, makapi unayarudishia maji kidogo na kukamua tena. Rojo hilo unalipika kwa moto mdogo pamoja na sukari na maji ya limau. Unakaa saa nyingi hapo, ukikoroga usije ukashika chini, mpaka uwe mweusi na mzito, ukidondosha tone kwenye sahani halitawanyiki. Wenyewe wanauita ou.

Sitto hapimi. Anachota kwa kiganja, anaonja, anasema bado. Kwa hiyo niliweka bakuli juu ya mizani ya jikoni, nikawa namwomba amwage humo kwanza. Nasoma, naandika, ndipo vinaingia chunguni. Mwanzoni alikereka. Baadaye akawa mwenyewe anauliza, "Umeandika?"

Jiko lenyewe lina sheria, na nilizishika zote kwa moyo mmoja. Nyama na maziwa havikutani, kila kimoja kina sufuria na visu vyake, kwa hiyo chakula cha nyama hupikwa kwa mafuta, samli hapana. Tena, kwa mapokeo yao, mimi nisiye Myahudi kupika peke yangu haitoshi hata kama wao wamewasha moto. Chungu lazima kiwekwe motoni na mkono wa Myahudi. Basi nilikuwa nakata, naviringa, napanga, halafu namsogeza Sitto na kiti chake hadi jikoni. Anashika mpini mmoja, mimi nasubiri pembeni, na chungu kinakaa motoni. Ijumaa yote hayo yanamalizika kabla jua halijazama, kwa sababu Sabato ikiingia hakuna kupika.

Chakula nilichokipenda kuliko vyote ni yebra. Unachanganya nyama ya kusaga na mchele mbichi, mdalasini, na kiungo cha punje za mviringo kiitwacho allspice kwa Kiingereza, chenye harufu ya karafuu na mdalasini kwa pamoja. Unaweka kidogo kwenye jani la mzabibu, unakunja pembeni, unaviringa mwembamba kama kidole. Usikaze, mchele utafura. Unapanga kwa kubana kwenye chungu, unachomeka aprikoti zilizokaushwa katikati, juu unagandamiza kwa sahani, unamwaga ukwaju uliolainishwa kwa maji na limau. Baada ya saa moja na zaidi aprikoti zinayeyuka, mchuzi unakuwa mchachu na mtamu, na hapo ndipo Sitto anafumba macho anapoonja.

Mchele ulikuwa na siku zake pia. Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya Mashariki hawali wali wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, siku ambazo mkate wenye chachu ni mwiko. Wa Halab wanakula, ila uchambuliwe mara tatu, punje kwa punje, isipite hata ngano moja. Tuliutandaza juu ya kitambaa cheupe, na katika kazi hiyo Sitto alinishinda vibaya, macho yake yalikuwa bado makali.

Daftari sasa liko kwa binti zake na wameshalinakili. Kwa anayetaka kujaribu ukwaju huo nyumbani, tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu wala si ya alumini, maana uchachu huila alumini. Ukipoa tia kwenye chupa za kioo zilizokauka kabisa, weka kwenye friji. Kijiko kimoja kwenye mchuzi wa nyama kinatosha kuanzia.