MRI haisomi mawazo yako, tulieni

Tangu niwaambie watu wetu Nakuru kwamba nafanya kazi kwenye kituo cha picha za ubongo hapa Chuo Kikuu cha Minnesota, kile kinaitwa CMRR, simu haipoi. Shangazi anataka kujua kama MRI, hiyo mashine yetu ya sumaku ya kupiga picha ndani ya mwili, inaona mtu akidanganya, binamu naye amesikia kwa WhatsApp ati wazungu wanavuna mawazo yetu. Jamani, hapana.

Hiyo mashine inafuata damu tu. Ukisogeza vidole, ile sehemu ya ubongo inayovisogeza inaletewa damu yenye oksijeni nyingi hata kuliko inayotumia, na damu yenye oksijeni na ile imeipoteza hazifanani mbele ya sumaku, basi hiyo tofauti ndiyo inapimwa, tena inakuja imechelewa sekunde kadhaa nyuma ya kidole chenyewe. Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa maabara ya utafiti ya Bell Labs huku Marekani, aliiona kwanza kwa panya, halafu 1992 yeye na akina Kamil Ugurbil wa hapa kwetu wakatoa picha za binadamu, na watafiti wengine wa Boston wakatoa zao mwaka huo huo. Sasa uongo wa mtu utauona wapi hapo? Unaona mahali pamechangamka, basi, na hata hapo ni baada ya kurudiarudia na hesabu kibao za kompyuta.

Kama lazima uogope kitu, ogopa sumaku. Haizimwi usiku wala wikendi, inakaa ndani ya heliamu ya majimaji kwenye baridi ya kama nyuzi 269 chini ya sifuri, na tuko na moja ya tesla 10.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), tani 110, ilitoka Uingereza. Ndiyo maana kabla uingie unahojiwa kuliko eapoti, wigi yenye klipu toa, hereni toa, sarafu za mfukoni pia. Mionzi kama ya eksirei hakuna, lakini kelele weh, na kwa ile ya tesla 7 ukisukumwa ndani unaweza kusikia kizunguzungu.

Kuna swali kwa fomu: umewahi kufanya kazi ya kuchomelea vyuma? Kipande kidogo kikiwa kilibaki jichoni, sumaku inaweza kukisogeza. Nikamweleza mjomba, ambaye anachomelea mageti tangu sijazaliwa na miwani ni ya kuweka kwa paji la uso. Akauliza wanaojitolea wanalipwa ngapi.