Kwa nini navuta karavani kwa 75 na Noah zinanipigia honi

Jumapili iliyopita tumetoka Machame kurudi Arusha, mimi, waifu na watoto wawili, nyuma tunavuta kile kinyumba chetu cha magurudumu, yaani karavani, na kuanzia Boma Ng'ombe mpaka Usa River mwanangu mkubwa amehesabu honi kumi na saba halafu akachoka kuhesabu. Noah moja ilipita, jamaa wa pembeni ya dereva katoa kichwa dirishani anauliza "mzee, unasindikiza msiba?" Sikumjibu. Dashibodi inasoma 75 na mimi nina raha zangu.

Hii ishu naulizwa sana, kazini, kijiweni, mpaka kwenye simu, kwamba we jamaa una Prado, injini ipo, lami safi, kwa nini usitembee mia kama watu. Sasa leo naandika yote ili siku nyingine nikiulizwa natuma linki tu.

Karavani yenyewe nilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuja nayo akiivuta kutoka kusini huko mpaka hapa, akachoka, akataka kupanda ndege arudi kwao. Ni ndogo, ekseli moja, ndani kitanda kiko nyuma kabisa, meza ya kukunja, sinki na kabati mbili tatu. Tupu ina kilo mia tisa na ushee, tukishapakia maisha yetu inafika 1,150 hivi, nilienda kuipima kwenye mizani ya rafiki yangu anayenunua mahindi. Prado yangu ni ya zamani, uzito wake karibu tani mbili. Kwa hiyo kwa hesabu ya kuvuta tu hakuna shida kabisa, inavuta hata usijue kuna kitu nyuma, na hapo ndipo nilipoingia mkenge.

Mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili tulipanda nayo Machame kwa mara ya kwanza (Desemba Mchagga anarudi nyumbani, hilo halina mjadala, hata uwe unavuta nyumba). Kwenda poa tu. Siku ya kurudi mama akapakia kama mama zetu wanavyopakia: mikungu mitano ya ndizi, gunia la parachichi, na mimi mwenyewe nikaongeza madumu mawili ya maji ya lita ishirini. Vyote nikavipanga juu ya kitanda na chini ya kitanda, yaani nyuma kabisa, kwa sababu ndipo penye nafasi na mbele sikutaka kuchafua meza. Nilijiona nimepanga vizuri kweli.

Ukishapita Boma Ng'ombe kuja njia panda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) mnapajua, pako wazi, miti michache, upepo unakuja wa ubavuni, na barabara inashuka kidogo kidogo hata huoni kama unashuka. Nilikuwa kama 95. Basi la abiria likaja nyuma, likawasha indiketa, likaanza kunipita. Kwanza nikahisi kitu kama mtu ameisukuma karavani na bega, halafu basi lilipokuwa linamalizia kupita nikahisi tunavutwa kuelekea kwake. Kwenye kioo cha kushoto nikaona ubavu wote wa karavani, ukapotea, halafu nikauona kwenye kioo cha kulia, halafu tena kushoto na sasa umekuja mwingi zaidi ya mwanzo. Usukani ukawa mwepesi, mwepesi ule wa kutisha, kama vile matairi ya mbele yanagusa lami kwa heshima tu. Waifu alikuwa anasimulia mambo ya harusi ya mtu akanyamaza katikati ya neno.

Nikafanya makosa yote mawili kwa mpigo. Nikakanyaga breki, na nikaanza kuifukuza karavani na usukani, ikienda kulia nakata hivi, ikienda kushoto nakata vile. Ikazidi. Breki niliiachia kwa woga tu, sio kwa akili, mguu ulitoka wenyewe, na mikono nikaikaza usukani ukiwa katikati kwa sababu sikujua tena nifanye nini. Spidi ikashuka yenyewe, 90, 80, ilipokaribia 70 mkia ukatulia kama hakuna kilichotokea. Nikatoka pembeni, nikasimama. Nilipofungua mlango wa karavani ndizi zilikuwa zimeshuka kitandani ziko kwenye sinki.

Baadaye ndio nikaja kujua kwamba ule woga ulinifanyia kitu sahihi. Tela likianza kuyumba unatoa mguu kwenye mafuta, unashika usukani ulionyooka, unasubiri. Hukati kona kulikimbiza, hukanyagi breki kwa nguvu. Karavani nyingi za Marekani zina breki za umeme na kitufe pale karibu na dereva cha kufunga breki za tela peke yake, hiyo inasaidia sana kwa sababu tela linavutwa nyuma linanyooka, lakini yangu haina hicho. Na wala usifikiri utaongeza mafuta uinyooshe, nimesikia watu wanasema hivyo kijiweni, hao waacheni.

Sasa kuhusu spidi. Kitu ambacho sikukijua siku ile, na naona wengi hawakijui, ni kwamba kila pea ya gari na tela ina spidi yake ya kukataa. Chini ya hiyo spidi, tela likipigwa na upepo au likiruka shimo linayumba mara moja, mbili, linaacha lenyewe. Ukisogea juu linachukua muda mrefu zaidi kuacha. Ukiivuka, haliachi tena, kila likienda upande mmoja linarudi na nguvu zaidi ya lilivyokwenda. Injini haihusiki hapo kabisa. Unaweza kuwa na injini ya lori, mkia ukikataa umekataa. Na hiyo spidi haijaandikwa popote kwenye gari, inabadilika na ulivyopakia, na upepo wa matairi, na kama unashuka mlima. Mikungu yangu mitano kule nyuma iliishusha mpaka mahali ambapo mimi nilikuwa naona ni mwendo wa kawaida.

Niliporudi nyumbani Njiro nikachukua mizani ya bafuni ya waifu (bila kumwambia), nikaweka kipande cha mbao, nikaikalisha shingo ya karavani juu yake, ile sehemu inayokaa kwenye boli la gari, usawa uleule inaokaa ikiwa imefungwa. Kilo 32! Kwa karavani za aina yangu za Ulaya uzito wa shingoni unatakiwa uwe kama asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wote, kwa hiyo kwangu ni karibu kilo 80 pale juu. Wamarekani wao matela yao wanataka asilimia 10 mpaka 15. Mimi nilikuwa na chini ya 3. Nikahamisha madumu na mizigo yote mizito nikailaza chini sakafuni juu ya ekseli, ikasoma 78. Usije ukazidisha pia, ukilundika yote mbele nyuma ya gari inakaa chini, matairi ya mbele yananyanyuka na usukani unakuwa mwepesi kwa sababu nyingine.

Halafu matairi. Yangu yalikuwa na kashata nzuri (yale meno ya tairi), meusi, yanang'aa, nikadhani mapya. Shemeji yangu anaendesha gari za watalii na kila wiki anavuta tela la jikoni la kambi, akainama akaniuliza "shem, umesoma hii?" akanionyesha ile namba ya tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza wiki na mbili za mwisho mwaka. Mwaka ulikuwa 09. Tairi la tela halifi kwa kuisha, linafia kwenye maegesho, linakaa juani miaka na miaka huku kashata ipo. Na tairi zenyewe zina spidi yake, angalia herufi ya mwisho kwenye namba ya mzigo, nayo iko ubavuni: J ni kilomita 100 kwa saa, K ni 110, L ni 120. Zile za Kimarekani zilizoandikwa ST nyingi mwisho wake ni maili 65, kama 105 hivi. Na hiyo ni tairi nzima, imejazwa upepo sawasawa, sio upepo wa "gonga na buti uone".

Wenzetu wenye barabara za maana wao wamelimaliza kwa sheria. Mjerumani kwenye zile barabara zake ambazo gari ndogo zinaruka 200, mwenye karavani mwisho 80, akitaka 100 lazima apate kibali maalumu na moja ya masharti ni tairi za tela zisizidi miaka 6. Uingereza kwenye barabara ya njia moja moja kama yetu ni maili 50, yaani 80 yetu hii. California maili 55, kama 88. Sasa mimi niko kati ya Kikatiti na KIA, bodaboda inaingia bila kuangalia, ng'ombe wanavuka, nitembee mia nimezidi Mjerumani kwa lipi?

Na breki. Ukiwa 80 kila sekunde unakula mita 22, ukiwa mia unakula 28. Ukishtuka tu kabla mguu haujagusa breki, tuseme sekunde mbili, umeshaacha mita 44 au 56. Halafu kile breki zinachotakiwa kumeza, yaani nguvu ya mwendo, hakipandi sawa na spidi, kutoka 80 kwenda mia kinaongezeka zaidi ya nusu, na nyuma yako kuna tani moja ya ziada inayokusukuma. Karavani yangu ina zile breki za kusukumwa, gari likipunguza mwendo karavani inakuja mbele, inabonyeza shingo, ndio breki zake zinafunga. Zinafanya kazi ila kwenye mteremko mrefu shingo imebonyea muda wote, kwa hiyo breki zinasuguana muda wote, zinapata moto. Ndio maana kushuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu shem anaingia gia ya pili kabla mteremko haujaanza, sio katikati, anashuka na 35 au 40, injini inalia, watalii wanauliza kama gari ni bovu. Sheria yake ni ileile ya madereva wa zamani, gia uliyopandia ndiyo unayoshukia.

Mimi spidi yangu niliipata hivi. Asubuhi moja mapema, hakuna upepo, nilichukua barabara ya Makuyuni ambayo imenyooka, mzigo umepangwa vizuri, tairi mpya, nikapanda tano tano. 60, 65, 70 hakuna kitu. 80 bado poa. 85 nikaanza kuhisi usukani unanikuna kidogo lori likinipita. Nikarudi 75 nikabaki hapo. Kipimo changu ni kwamba basi likinipita mkono wangu usishtuke. Ukiona kisulisuli cha vumbi kinavuka barabara, na upande ule viko vingi, au miti imelala upande mmoja, nashuka 60 bila kujadiliana na mtu. Kwenye 50 za vijijini natembea 50 kwa ajili ya tochi za trafiki, na kwenye matuta nakanyaga hata kumi, maana gari likishavuka unasahau kwamba karavani bado haijavuka, vikombe vyetu vya udongo vimeishia hapo Maji ya Chai.

Muda? Nimeupiga hesabu. Arusha na Moshi ni kama kilomita 80, ukitoa zile njia nne za kuanzia Sakina mpaka Tengeru zenye foleni zake, ukitoa vijiji vyote vya 50, inabaki labda 40 za kukimbia kweli. Kwa 95 ni dakika 25, kwa 75 ni dakika 32. Dakika saba. Wale wa nyuma nawaelewa wanachukia, kwa hiyo zikifika gari tano naingia kwenye kituo cha basi nawaachia wapite, wengine wanashukuru wengine wanatukana, sawa tu.

Jumapili kabla ya kuondoka nilitoa tena mizani ya bafuni, uwanjani kwa mama, nimepiga magoti na mbao yangu, mikungu mitano imelala sakafuni juu ya ekseli. Mama akatoka akasimama akaniangalia muda mrefu.

"Baba, unapima ndizi zangu unaenda kuziuza?"

Nikamwambia hapana mama, napima shingo. Akaangalia mizani, akaniangalia mimi, akarudi ndani, akaja na mkungu wa sita. Huo ulisafiri mbele kwenye gari, katikati ya watoto, tumeufunga mkanda.