Mvua ya Jakarta na ubao uliovimba

Kilichonishtua kwanza Jakarta ni maneno. Kwenye ukuta wa nyumba ya vijana wa panki, wale wa muziki mkali wa magitaa na maisha ya kujitegemea, kusini mwa jiji, palibandikwa karatasi kubwa iliyochapwa kwa wino mweusi: mama kabeba mtoto mgongoni, ngumi, jembe, na chini yake mistari ambayo sikutegemea kuielewa. Nikaanza kuisoma kwa sauti. Adil. Hukum. Rakyat. Dunia. Mwenyeji akageuka akidhani nimesoma Kiindonesia. Nikamwambia hayo ni maneno ya kwetu: adili, hukumu, raia, dunia. Hakuamini, tukaanza kushindana. Yeye sabun, mimi sabuni. Yeye kertas, mimi karatasi. Yeye meja, mimi meza. Tulipofika kwenye bendera hakuna aliyebadilisha hata herufi moja. Waarabu na Wareno walipita bandari zao na zetu, na maneno yakabaki.

Kabla ya hapo yalikuwa malipo tu. Viza ya uwanjani rupia 500,000, kama dola 30 hivi. Teksi ya kuingia mjini ilikaa kwenye foleni saa mbili na mita haikusimama. Chumba kwa rupia 180,000 kwa usiku, hakina dirisha, feni inakwaruza, na mbu walikuwa wamenitangulia kupanga. Bei pekee ambayo siilalamikii ni ya treni ya jijini: rupia 3,000 kwa kilomita 25 za mwanzo. Nilipandia Manggarai, nikafuata njia ya Bogor, nikapita Pasar Minggu, kisha pikipiki hadi karibu na ziwa la Setu Babakan. Mwenye pikipiki alinitoza mara tatu ya wenyeji, hilo nililijua baadaye.

Eneo hilo lina historia yake. Huko ndiko walikojikita Taring Babi, jumuiya ya bendi ya panki ya Marjinal, ambao wamewafundisha watoto wa mitaani kupiga gitaa dogo na kuchonga mbao za kuchapia. Katika mji wa Yogyakarta wako Taring Padi, wasanii wa mabango ya kuchapa, walioungana mwaka 1998, miezi michache baada ya rais Suharto kuanguka. Jina lao lina maana ya ile ncha kali ya punje ya mpunga, inayowasha ngozi. Nyumba niliyoitembelea mimi ni ya vijana wadogo zaidi. Jina lao nalihifadhi, kwa sababu wanafanya kazi na watu wa kando ya mto wanaotishiwa kuvunjiwa nyumba.

Kwetu panki ni mkato wa nywele. Kinyozi anakuuliza kiduku au panki, unachagua, unalipa. Nywele hizo zipo hapa pia, lakini ukiishia hapo umeona kofia hukuona kichwa. Nyumba haina mwenyekiti. Kodi inachangwa. Bendi inayotaka kupiga inalipa sehemu yake ya kukodi vyombo, halafu wote wanapiga, hakuna nyota wala anayetangulizwa. Kila onyesho linaanzia kwa mkuu wa RT, ambaye ni sawasawa na mjumbe wetu wa nyumba kumi: anaarifiwa siku chache kabla, anaelezwa saa ya kuzima spika, na mtu mmoja anabaki na simu mkononi usiku kucha. Hawafanyi hivyo kwa unyonge. Wanakumbuka Banda Aceh, Desemba 2011, polisi walipovamia onyesho la panki, wakakamata vijana zaidi ya 60, wakawanyoa vichwa na kuwapeleka chuo cha polisi kwenda "kurekebishwa". Jirani anayekujua ni kinga.

Wiki niliyofika walikuwa wanaandaa bango la kitambaa kwa ajili ya watu wa mtoni. Ubao wa kuchapia ulikuwa nusu ya bamba zima la MDF, ule ubao wa kiwandani: sentimita 122 kwa 122, unene milimita 9. Wanaanza kwa kuupaka vanishi nyembamba iliyotiwa rangi nyeusi, mkono mmoja, na kuuacha ulale. Vanishi inazuia ubao usinywe wino wa kwanza, na weusi unasaidia macho: kila unapochonga panatokea rangi ya mbao, kwa hiyo unaona tangu mwanzo kitakachobaki cheupe kwenye kitambaa. Kisha wanachora kwa chaki. Maandishi yanachorwa kinyume, maana yakichapwa yanageuka. Herufi zinazowadanganya wengi ni N na S, kwa kuwa hata zikiwa kinyume zinaonekana kama ziko sawa. Ukaguzi ni wa kioo cha kunyolea, unakiweka pembeni na kusoma ndani yake.

Kuchonga kunafanywa kwa bobari, ile patasi iliyopinda kama mfereji. Kina ni milimita mbili, na kwenye nafasi pana inayotakiwa kuwa nyeupe wanafika tatu, la sivyo kitambaa kinazama na kuokota wino wa chini. Kingo za mstari ziwe na mteremko kama wa kilima. Ukichimba kuelekea chini ya mstari, unakuwa kama ukingo wa mto uliolika: kitambaa cha tano bado unasimama, cha ishirini unamomonyoka. Mkono wa pili unakaa nyuma ya makali siku zote, na mtoto asiyelishika hilo hapewi chombo.

Kazi ilichukua siku tatu. Ilipokwisha waliusimamisha ubao wima ukutani, wakaenda kulala.

Mvua ya usiku ule sijapata kuona mfano wake, nami nimekulia Dar es Salaam kwenye masika ya kweli. Nilikuwa narudi chumbani, mwavuli ukapinduka mara ya kwanza, mara ya pili ukavunjika shingo. Mfereji wa barabarani ulikuwa umejaa majani, maji yakatafuta njia nyingine, yakaipata chini ya mlango wa ile nyumba. Hayakuzidi vidole viwili. Lakini MDF ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na unga hunywa. Unanywea kwenye ukingo uliokatwa, ambako vanishi haipo, na kila mstari uliochongwa nao ni ukingo uliokatwa. Na sehemu iliyokuwa chini, iliyogusa sakafu, ndiyo yenye maneno: Tanah untuk rakyat. Ardhi kwa raia.

Asubuhi tulikuta milimita 9 zimekuwa 12. Anayefikiri milimita tatu ni kidogo hajachapa. Penye kimo panakula wino wote, panakinyanyua kitambaa, na jirani yake pa chini panaachwa patupu. Kijana mmoja akaleta msasa. Alisugua kwa upole, na nyuzi zilizolowa zikafumuka kama pamba ya mto, matundu ya herufi A yakaziba. Akaacha. Hakuna aliyepaza sauti wala kuuliza nani aliuegemeza ubao chini.

Wakakaa kitako. Kikao chao wanakiita musyawarah na wanachokitafuta ni mufakat, na wewe msomaji umeshasikia ndani yake mashauri na muafaka. Hakuna kupiga kura. Anayepinga anaeleza, wanamzunguka kwa hoja, naye anawazunguka kwa hoja, mpaka hakuna aliyebaki na kinyongo. Ilichukua saa moja na nusu, chai ikaisha mara mbili. Dada mmoja wa mapishi, ambaye hachongi kabisa, ndiye aliyesema kwamba picha ni nzima na maneno ndiyo yaliyooza, kwa hiyo wakate maneno. Likakubalika.

Walikata utepe wa sentimita 16 kwa msumeno wa meno madogo, upande mkavu ukiwa umefungiwa bapa la chuma ili usipasuke. Tatizo likawa unene: ubao uliobaki nyumbani ulikuwa wa milimita 6. Wakabandika chini yake plaiwudi ya milimita 3 kwa gundi ya mbao, wakakandamiza kwa matofali kwa muda wa saa sita, kisha picha na utepe mpya vyote vikapigiliwa juu ya ubao mmoja wa mgongo. Wakapitisha rula ya chuma juu ya kiungo na kumulika tochi upande wa pili. Mwanga ukipita, upande mmoja uko chini. Ulipita, kwa unene wa kucha hivi, na upungufu huo ukazibwa na kadibodi ya pakiti ya sigara. Kiungo chenyewe kingetoa mstari mweupe ulionyooka kati ya picha na maneno. Mchongaji hakuuficha. Aliuzungushia mawimbi juu na chini, ukawa mto, na watu wa kwenye picha wakawa wamesimama ukingoni pake.

Herufi ndogo zilihitaji bobari nyembamba, nayo hawakuwa nayo. Hapo ndipo mtoto wa miaka kumi na mbili hivi alipoutazama mwavuli wangu uliovunjika na kuniomba. Ubavu wa mwavuli, ukiutazama kwa ncha, ni mfereji mdogo wa chuma. Alikata vipande vya sentimita kumi, akanoa nje kwa jiwe na ndani kwa tupa ya mviringo, akavichomeka kwenye mianzi na kufunga kwa raba ya tairi la baiskeli. Vilichonga mstari wa milimita mbili, safi kabisa. Makali yanadumu kama nusu saa, kisha unanoa tena.

Kitambaa chao kingetambulika na bibi yangu kwa kukishika tu: ni marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa. Kikitoka dukani kina wanga, na wino haupiti kwenye wanga, kwa hiyo kinachemshwa, kinaanikwa, kinapigwa pasi. Wino ni wa mafuta, wa mashine za ofseti, unatandazwa juu ya kioo na kulainishwa kwa matone ya mafuta ya taa. Yakizidi, kesho yake kila herufi inakuwa na duara la mafuta pembeni. Rola unaisikiliza: ikilia kama kitunguu kinachokaangwa kwa moto mdogo, wino uko sawa; ikinyamaza, haujatosha; ikivuta na kunata, umezidi.

Watu wanne wanashika pembe nne, kitambaa kinashuka tumbo kwanza ili hewa itoke pembeni. Juu yake magazeti, juu ya magazeti mkeka mkuukuu, na juu ya mkeka ni miguu. Mmoja anapiga gitaa dogo, mwingine ndoo, na watu wanacheza, kutoka katikati kwenda nje, nyayo bapa, hatua fupi. Ni marufuku kuzungusha kisigino, maana kitambaa kikiteleza hata kidogo picha inakuwa na kivuli. Kisha wanafunua pembe moja tu, zile nyingine zimekandamizwa, wanaangalia, penye ukungu wanafunika na kukanyaga tena. Kopo la kilo moja lilitoa mabango 14. Kwa unyevu wa majira yale yalikaa siku tatu kwenye kamba kabla hayajaacha kuchafua vidole.

Siku hizo tatu nilizunguka jiji kama mgeni yeyote, sina la kusimulia.

Jumapili palikuwa na soko la bure karibu na mto. Nguo, vitabu, viatu vya watoto, unachukua bila kulipa. Wakazi walileta fulana zao kuchapiwa kwa vibao vidogo. Fulana inaingizwa kadibodi ndani ili wino usipenye mgongoni, na ya poliesta inarudishwa kwa mwenyewe kwa maelezo, kwani itafuliwa mara mbili na picha itaondoka. Chakula kilitoka Pasar Minggu, mboga ambazo wafanyabiashara huziacha alfajiri: kangkung, binamu wa matembele yetu, na nyanya zilizochubuka. Mchele kilo 8 kwa watu kama 80, tempe, yaani soya zilizochachushwa na kugandishwa, pilipili ya kutwanga. Nyama hawapiki. Ni desturi ya Food Not Bombs, mtandao wa watu wa kujitolea wanaogawa chakula bure, ulioanzia Cambridge, Massachusetts, mwaka 1980, na desturi hiyo inafaa sana mahali pasipo na friji. Hata wali wanaupika kwa awamu mbili, maana wali uliokaa saa nne kwenye joto lile unaweza kuwaumiza watu walewale unaotaka kuwasaidia.

Mabango yalifungwa kwenye uzio unaotazama maji. Mama mmoja mzee alinionyesha ng'ambo, akataja Bukit Duri, ambako nyumba za kando ya mto huo, Ciliwung, zilivunjwa Septemba 2016. Nikamwambia habari za bonde la Msimbazi, kwetu Dar es Salaam, Desemba 2015, alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye kuta, tingatinga, watu wamekaa juu ya vitanda vyao katikati ya kifusi. Aliuliza mto wetu nao hufurika. Hufurika kila masika, nikamjibu, na mafuriko ni ya kweli. Akasema hata mafuriko yao ni ya kweli, lakini mtu anahamishwa kwanza ndipo anavunjiwa. Alilisema polepole ili nilielewe, na katikati ya maneno yake nilisikia adil.

Nimerudi na bango moja na mbavu tatu za mwavuli, nilizozifunga kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege, maana kwenye begi la mkononi zingechukuliwa. MDF iko Keko, marekani iko Kariakoo. Ubao wangu wa kwanza umeshapakwa vanishi, na nimeulaza juu ya kabati.